Vijiti vya Mate kutoka Rubaya

Wenzangu wa ofisi ya Goma wameniomba niandike namna kazi yetu ilivyoanza, kwa sababu wao waliikuta tayari ina meza, kompyuta na mlinzi mlangoni. Kazi yenyewe ni kukagua kampuni zinazopima jeni, yaani ule urithi ambao mtu anaupata kwa baba na mama, ili kujua mapema ni nani ataumizwa na dawa ambayo wengine wanaimeza bila shida. Sisi tunakagua, na kikundi cha wafanyabiashara wa Butembo kinaamua kuweka franga zake ama kuziacha. Nimeifanya kazi hiyo mpaka magoti yangu yalipoikataa njia ya Walikale. Mimi si mtu wa uchumi. Nilisomea uuguzi, na bila mgonjwa mmoja wa Kibabi nadhani ningezeeka katika uuguzi.

Kibabi ndiko nilikozaliwa, katika familia ya wakulima wa maharagwe na viazi. Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa kituo kidogo cha afya kwenye barabara ya Kitshanga. Mkubwa wetu alikuwa Papa Sébastien, muuguzi wa siku nyingi ambaye sikuwahi kumwona akitembea haraka. Siku ya kwanza nilifika na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, nikitegemea kupewa sindano. Akanipa kiti, akaniweka mlangoni. Nilitakiwa kumuuliza kila mgonjwa swali moja: tangu wiki iliyopita, umemeza nini? Alitaka vyote, dawa ya hospitali na ya dukani, mizizi ya shangazi, hata maji ya chumba cha maombi.

Nilipolalamika kwamba sikusomea kazi ya kukaa mlangoni, alinijibu bila kuinua macho.

"Ugonjwa itajionyesha yenyewe, dada. Dawa njo inajifichaka."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na mizani ya watoto, kipimo cha presha, na darubini isiyotumia umeme, ya kioo kinachokamata mwanga wa jua. Maabara ilifanya kazi mpaka mawingu yashuke, na huko Masisi mawingu hayachelewi. Mgonjwa aliyetaka kujua kama ana malaria ilimpasa aamke mapema.

Yule mgonjwa nitamwita Mama Nyota, ingawa si jina lake. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu, mwenye shamba kwenye mteremko ambao mbuzi wenyewe wanaufikiria mara mbili. Alipimwa, akakutwa na virusi vya UKIMWI, akaanzishiwa dawa kama wengine wote. Wakati ule mojawapo ya dawa hizo iliitwa efavirenz, na watu waliimeza kabla ya kulala kwa sababu inaleta kizunguzungu na ndoto. Kwa wengi hayo yalipita. Mama Nyota yeye alizidi. Alianza kuongea na watu ambao hawakuwepo. Aliwasha moto katikati ya nyumba, mbali na mafiga. Siku moja akatoka na jembe, majirani wakamkuta analima njia.

Mume wake alimpeleka kwenye chumba cha maombi, wakamfunga mikono ili asijiumize. Huko ndiko tulikomkuta, Papa Sébastien na mimi, kwa sababu hakuja kuchukua vidonge vyake. Mchungaji alisema ni pepo. Mume alisema ni jirani mwenye wivu. Papa Sébastien alikaa chini kwenye mkeka, akauliza swali lake la mlangoni. Halafu akauliza la pili: hayo yote yalianza mbele ya vidonge ao nyuma yake, yaani kabla ama baada ya kuanza kuvimeza?

"Nyuma," alisema mume.

"Basi tupeleke mama ku hospitali ya Mweso, madaktari bamubadilishie dawa. Maombi muendelee nayo, haikatazwe."

Walimbadilishia. Baada ya muda mfupi Mama Nyota alirudi kuwa mtu aliyejulikana, akadai jembe lake. Kilichobaki kikinisumbua ni dada yake. Alikuwa anameza kidonge kilekile, kipimo kilekile, na hakuwa na tatizo lolote isipokuwa kucheka usingizini. Nilimuuliza Papa Sébastien kwa nini mmoja na si mwingine.

"Mwili ya muntu na muntu haivunje dawa sawasawa," alisema. "Nani iko namna gani, utajua kisha kumuumiza. Hatuna njia ingine."

Alistaafu kabla njia nyingine haijapatikana.

Vita vilifunga barabara, kituo kikafungwa, nami nikashuka Goma pamoja na familia. Nilipata kazi kwenye depo ya dawa ya Papa Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo mwenye maduka na malori. Ni Mkatoliki anayefungua kila kikao kwa sala na kukifunga kabla ya chakula kupoa. Yeye na wenzake walikuwa wamechoka kuweka faida yote katika malori, kwa sababu lori linachomwa na nyumba inaporwa. Walitafuta kitu ambacho mtu mwenye bunduki hawezi kukipakia.

Ndipo alipofika Docteur Noëlla, mtoto wa Bukavu aliyesoma Ulaya, akafungua maabara yake ndogo Kampala. Alileta kipimo. Unapitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu, kinachukua mate na chembe za ngozi, na maabara inasoma kama mwili wako unaivunja efavirenz haraka ama polepole. Wa polepole anapewa dawa kidogo zaidi, ama dawa nyingine, kabla hajaanza kulima njia. Alihitaji watu wa kuweka franga.

Wafanyabiashara walisikiliza kwa adabu, wakaelewa nusu. Papa Kasereka akageuka kwangu, niliyekuwa nimeleta chai.

"Mama Agathe, weye ulikuwaka infirmière, muuguzi. Hii kitu iko ya kweli?"

Nikamweleza habari ya Mama Nyota na dada yake. Akasema, "Basi enda Kampala uone. Usitazame karatasi. Tazama kama mashine inawaka."

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza ya kazi hii. Mashine ilikuwa inawaka. Nilikaa Kampala nikiwatazama mafundi, nikauliza mpaka wakanikimbia kwenye chai. Swali lililonirudisha nyumbani na jibu la maana lilikuwa hili: kipimo kimejaribiwa kwa mate ya watu gani? Docteur Noëlla hakuzunguka. Alisema ni watu wa mbali, wengi wa Ulaya na Amerika, wachache wa Afrika ya Kusini. Alisema usiku halali kwa sababu hiyo. Alihitaji mate ya kwetu. Nilirudi nikawaambia wafanyabiashara waweke franga, lakini sehemu kubwa iende kukusanya vijiti Masisi na Walikale, kwa wagonjwa waliokwisha kumeza dawa ile. Wakakubali. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyesema, wakanituma mimi. Vijana, muwe waangalifu na mapendekezo yenu.

Safari ya kwanza nilibeba sanduku la baridi, kwa mazoea. Vijiti vile havihitaji baridi, vinataka ukavu tu. Lakini kila mahali nilipopita na sanduku lile, akina mama walileta watoto kwa chanjo, na nikapoteza siku nzima nikieleza kwamba sina chanjo. Safari ya pili nikaweka vijiti kwenye mkoba wa mkononi, kati ya biskuti na khanga, na hakuna aliyenisumbua. Walikale ilikuwa ngumu zaidi kwa njia kuliko kwa watu. Pikipiki inazama kwenye matope mpaka mhimili, unashuka, unasukuma, unapanda, unashuka. Watu wa huko walifungua midomo baada ya maelezo, wakauliza majibu yatarudi lini, wakarudi shambani.

Rubaya, mji wa machimbo huko Masisi, haikuwa hivyo.

Tulikwenda pamoja, Docteur Noëlla na mimi. Kibali cha kamati ya maadili tulikuwa nacho, chifu alikuwa amekubali, padri alitupa uwanja wa kanisa. Wagonjwa waliitwa kupitia kituo chao, lakini mlimani hakuna siri, na watu wengi waliokuja hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wachimbaji, wauzaji, na wale wanaobeba magunia ya koltani, madini ya mlima ule, kwa mgongo. Kwa wabebaji alisimama kiongozi wao, Papa Mateso, mtu mfupi mwenye shingo pana.

"Mama, nauliza," alisema. "Hii mate, inaweza kuonyesha babu yangu alitoka wapi?"

Kila mtu pale alijua anachouliza. Katika milima yetu, nani ni mwenyeji na nani alikuja si mazungumzo ya kupitisha wakati. Watu wameuawa kwa jibu la swali hilo, wa pande zote.

Docteur Noëlla alinitazama. Ningeweza kusema hapana, na nafikiri wangeniamini, maana nilivaa kama mama wa nyumbani na nilisema lugha zao.

"Inaweza, kama muntu anaitafuta," nilisema. "Sisi hatuitafute. Lakini inaweza."

"Asante kwa kusema," alijibu Papa Mateso. "Basi hatutoe."

Wakaondoka, si kwa fujo. Waliondoka kama watu wanaotoka misani.

Tulikaa kwenye chumba cha padri. Ndipo nilipoomba kuona tena fomu ya maabara, ambayo nilikuwa nimeijaza Walikale bila kufikiri sana, kwa kuwa huko kila mtu alitaja kabila lake kama anavyotaja jina la kijiji. Kulikuwa na mstari wa kabila. Nikamwambia Docteur Noëlla uondolewe, na ule wa Walikale ufutwe.

Hakuwa mtu wa kiburi, na hoja yake ilikuwa nzuri. "Mama Agathe, nikiutoa, wataalamu wataniuliza: utajuaje kama kipimo kinafaa kwa watu wote wa hapa, au kwa kundi moja tu? Nikikosea, atakayeumia ni mgonjwa. Si mimi."

"Na ukiacha, orodha ya makabila ya Rubaya itakuwa Kampala, ikiwa na mate yao pembeni."

"Imefungwa kwa namba za siri."

"Docteur, hapa banavunjaka gereza."

Hatukuelewana. Tukapanda juu ya kilima, mahali simu inapokamata, tukampigia Papa Kasereka. Alitusikiliza wote wawili. Nyuma yake nilisikia watu wakipakua saruji.

"Docteur, hiyo swali inasaidia dawa?"

"Inasaidia kidogo, papa."

"Mama Agathe, inaweza kuua muntu?"

"Inaweza."

"Basi mutoe," alisema, akakata, kwa sababu saruji ilikuwa inanyeshewa.

Nitamsifu Docteur Noëlla kwa alichofanya baadaye. Hakununa. Asubuhi alikuwa amepata njia: badala ya kulinganisha makabila, atapima kiasi cha dawa kilichobaki katika damu ya kila mgonjwa na kukilinganisha na jeni yake, mtu kwa mtu. Kazi ikawa ndefu mara nyingi zaidi. Watu wakaitwa tena uwanjani, akasimama mbele yao, akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu: mate haya ni ya kutafuta dawa tu. Hatutatafuta babu ya mtu. Hatutauza. Anayetaka kijiti chake kirudi, atarudishiwa.

Papa Mateso aliuliza maswali mengine mengi. Kama kampuni ikifa? Kama docteur akifa? Alipomaliza, akasogea mbele, akafungua mdomo. Mimi mwenyewe nilipitisha kijiti. Hapo ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa akimeza vidonge vile, na sasa mlima mzima ulijua, naye alikuwa amelifikiria hilo kabla ya kusogea. Wengine wakapanga mstari.

Kipimo kilifaa. Wale wa polepole hawakuwa wachache milimani kwetu, na sehemu moja ya urithi ambayo watu wa mbali walikuwa hawana, sisi tulikuwa nayo. Docteur Noëlla alikirekebisha kipimo, akarudisha majibu kwa kila kituo, madaktari wakawapunguzia dawa walioihitaji kidogo. Namkumbuka mwalimu mmoja wa Walikale aliyekuwa karibu kuacha dawa kabisa, maana aliona nyoka ubaoni kila akiandika. Walipompunguzia, nyoka waliondoka. Aliniambia wanafunzi wamesikitika kidogo, kwa sababu alikuwa anawaachia watoke mapema.

Kisha serikali ikabadilisha dawa. Kilikuja kidonge kipya kwa nchi nzima, kizuri zaidi, kisicholeta ndoto wala wazimu, na efavirenz ikaondoka kwenye makabati. Nilifurahi kama muuguzi. Kama mkaguzi, nilipanda ndege ndogo kwenda Butembo kueleza kwamba kipimo chetu sasa kinapima hatari ya dawa ambayo hakuna anayeimeza.

Papa Kasereka alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo bantu bamepona, na sisi tumeanguka."

"Njo vile, papa."

"Sijasikiaka padri anahubiri juu ya hiyo," alisema, akaagiza chai.

Kampuni haikufa mara moja. Docteur Noëlla alianza kazi juu ya dawa ya kifua kikuu inayoharibu ini kwa watu fulani, kazi ya miaka. Wakati huo ikaja kampuni kubwa ya ng'ambo, ikataka kununua yote. Mashine zetu hawakuzihitaji. Walitaka vile vijiti. Kulikuwa na mate machache sana ya milima yetu duniani, na yetu yalikuwa na majibu ya dawa pembeni. Bei yao ingewarudishia wafanyabiashara wote walichoweka, na zaidi. Mwanasheria wa kikundi alisoma mkataba, akasema ahadi ya Rubaya ilitolewa na kampuni ndogo. Kampuni hiyo ikinunuliwa, mnunuzi hakuahidi mtu yeyote kitu.

Niliomba nafasi ya kwenda kuwauliza wenye mate. Wengi sikuwapata. Vita vilikuwa vimepita tena, watu wako kambini, wengine msituni, wengine wamekufa. Papa Mateso nilimkuta. Mgongo ulikuwa umekataa magunia, sasa anauza unga karibu na barabara. Nilimweleza yote, pamoja na maneno ya mwanasheria.

Alipima unga wa mteja, akafunga mfuko, kisha akanijibu.

"Mama, siku ile nilikuuliza maswali, na ulinijibu. Huyu wa kununua, nani atamuuliza?"

Nilikula muhogo kwake, nikarudi.

Kikao cha Butembo kilikuwa kirefu. Wapo waliotaka kuuza, na siwezi kuwaita wabaya. Mmoja alikuwa amepoteza malori mawili barabarani, na watoto wake wako shule. Alisema, "Mama Agathe, ile ahadi haikukuwe yangu." Ilikuwa kweli. Niliwaambia maneno ya Papa Mateso kama alivyoyasema, nikakaa. Docteur Noëlla, ambaye angepoteza kuliko wote kama hatukuuza, alisubiri wote wamalize. Mwishowe alisema tu kwamba alisimama mbele ya kanisa lile kwa miguu yake, na hajui mwanasheria gani anaweza kumtoa pale.

Waliinua mikono. Waliokataa kuuza walizidi kwa tofauti ndogo. Papa Kasereka aliinua wa mwisho, akiwa mwenyekiti, upande wa kukataa, na hakueleza sababu. Aliyepoteza malori alitoka kwenye kikundi wiki ile, akaenda kununua kiwanja. Nasikia kimepanda bei.

Vijiti vya wale niliowapata na waliokubali kwa kazi ya kifua kikuu vilibaki. Vingine vyote vilichomwa Kampala, ili mnunuzi mwingine asije akavipata, pamoja na cha Papa Mateso, ambaye aliniambia amechoka kuwa na mate mahali asipopajua. Nilikuwepo. Tanuri la taka za hospitali halina lolote la kutazama: mlango wa chuma, fundi mwenye glavu, harufu ya plastiki. Docteur Noëlla alisimama na mikono mfukoni mpaka fundi alipofunga. Hakulia. Alisema tunaweza kwenda kula, tukaenda.

Kipimo cha kifua kikuu bado hakijaleta faida, na wenzangu mnaokiangalia sasa mnajua kuliko mimi kama kitaleta. Papa Kasereka kila mwaka anauliza kama mashine inawaka.

Kesho yake, baada ya vijiti kuchomwa, nilimpigia simu Papa Mateso kumwambia imekwisha.

"Sawa, mama," alisema. Kisha akaniomba nisubiri kidogo, kwa sababu kulikuwa na mteja.